Mnazi Uliobaki Katika Jina: Miti ya Mjini na Wenyewe, Dar es Salaam

Tunapofundisha kiambishi tamati -ni cha mahali, mifano huwa ni ile ile ya vitabuni: nyumbani, shuleni, mezani, shambani. Si mibaya, ila haina habari ndani yake. Makala haya yanawapendekezea walimu na wanafunzi mifano mingine, inayopatikana bure kwenye ramani ya Dar es Salaam: Mikocheni, Mkwajuni, Mchikichini, Mivinjeni, Mbuyuni. Tukiongeza yale yasiyo na kiambishi hicho, kama vile Mnazi Mmoja, Mwembechai, Mwembe Yanga na Mabibo, tunaona kwamba sehemu kubwa ya mji ule imeitwa kwa miti. Ng'ambo ya bahari, Unguja, hali ni hiyo hiyo: Mkunazini, Michenzani, Mikunguni, Miembeni, Kikwajuni, Kiembe Samaki, na Mnazi Mmoja mwingine. Mombasa wana Mwembe Tayari, Mkomani, Mikindani na Mikanjuni.

Msomaji aliyewahi kutembea katika mitaa hiyo anajua kwamba majina ni mengi kuliko miti. Mingi ya miti hiyo iliondoka zamani, mingine katika umri wetu. Swali tunalojiuliza hapa ni la kihistoria: je, mti wa mjini ulikuwa wa nani, nani aliutunza, na ilikuwaje ukakosa mwenyewe? Tutakaa zaidi Dar es Salaam, kwa sababu huko mabadiliko ya wenye mamlaka yanaweza kufuatwa kwa miaka yake.

Kwanza tuyasome majina yenyewe, maana yana sarufi inayosema. Tazama umoja na wingi. Mkwajuni ni mahali penye mkwaju, mmoja. Mbuyuni ni mbuyu mmoja, Mkunazini ni mkunazi mmoja. Lakini Mikocheni ni mikoche, Mivinjeni ni mivinje, Michenzani ni michenza, Mikunguni ni mikungu. Jina la umoja kwa kawaida ni la alama: palikuwa na mti uliojulikana na kila mtu, watu wakaagana wakutane hapo, au wakamwelekeza mgeni kwa huo. Jina la wingi linataja uoto wa mahali, ama wa asili kama mikoche iliyoota yenyewe, ama wa kupandwa kama michenza. Mnazi Mmoja ndilo jina lenye uzito kuliko yote. Katika pwani iliyojaa minazi, kuutaja mnazi kwamba ni mmoja ni kusema kwamba mingine haipo. Jina hilo ni la uwanja uliokwisha kufyekwa.

Mabibo nalo linastahili dakika moja ya darasani, kwa kuwa halitaji mti bali tunda. Bibo ni lile tunda laini la mkorosho ambalo korosho huning'inia chini yake. Mombasa mti huo huo ni mkanju, ndiyo maana ya Mikanjuni. Vivyo hivyo mkoche wa Dar es Salaam hujulikana Mombasa kama mkoma, nao ukazaa Mkomani. Mwanafunzi anayetaka kuona tofauti za lahaja hahitaji kamusi kubwa, anahitaji orodha ya vituo vya basi vya miji miwili.

Sasa tuje kwenye umiliki. Katika desturi za pwani, ardhi na mti vilikuwa vitu viwili. Mtu aliweza kuwa na minazi mitano katika kiwanja ambacho si chake. Minazi hiyo iliuzwa, iliwekwa rehani, ilirithiwa kwa mafungu, tena iliwekwa wakfu ili mapato ya nazi zake yaendeshe msikiti. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na baada yake wanawe. Dar es Salaam ilipoanza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, mashamba ya minazi yaliuzunguka mji, na kila mnazi ulikuwa na jina la mtu nyuma yake. Hata serikali za kikoloni zilipotwaa ardhi baadaye zilijikuta zikihesabu miti, kwa sababu fidia ilidaiwa kwa mti. Mbuyu ulikuwa na habari yake tofauti. Haukupandwa na mtu yeyote anayekumbukwa, lakini uliaminiwa kuwa na wenyewe wasioonekana, na imani hiyo imeokoa mibuyu mingi kuliko sheria yoyote ninayoifahamu.

Mwembe ndio mti uliosafiri. Ulitoka Bara Hindi ukafika pwani, na misafara ya biashara ya karne ya 19 ikaupeleka bara, hadi leo njia ya zamani ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji inatambulikana kwa miembe. Ujiji ndiko Stanley alikokutana na Livingstone mwaka 1871, na kumbukumbu ya tukio hilo imefungamana na mwembe hata baada ya mwembe wenyewe kufa. Sisi tunaofundisha upande huu wa Ziwa tuna ushahidi wa safari hiyo vinywani mwetu: Waganda husema omuyembe, Wanyarwanda na Warundi husema umwembe. Mti na neno vilifika pamoja. Sina hakika kama wanafunzi wetu wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya kigeni kwao wamewahi kulifikiria hilo wanapokula embe.

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walileta namna mpya kabisa ya mti: mti wa barabarani, uliopandwa kwa mstari, usio na tunda la kuuzwa na usio wa mtu. Mwaka 1893 ilianzishwa bustani ya mimea chini ya Franz Stuhlmann. Haikuwa bustani ya kupumzikia. Ilikuwa mahali pa kujaribia mazao na miti ya kigeni kwa manufaa ya uchumi wa koloni, na kazi hiyo ya utafiti ilipata makao makubwa zaidi Amani, katika milima ya Usambara, kuanzia mwaka 1902. Sehemu ya bustani ya Dar es Salaam ingalipo, jirani na Makumbusho ya Taifa, ingawa majengo yaliyofuata yaliimega. Inapendeza kuona kwamba barabara inayopita hapo leo inaitwa Shaaban Robert. Mwandishi wetu mkuu hakukosa kivuli.

Barabara kuu ya maduka waliiita Unter den Akazien, yaani Chini ya Mikasia, kwa kuiga barabara mashuhuri ya Berlin inayoitwa kwa miti mingine. Waingereza wakatafsiri kwa ufupi: Acacia Avenue. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, na baadaye Samora Avenue, kwa heshima ya Samora Machel wa Msumbiji aliyefariki mwaka 1986. Katika majina manne, mti umo katika mawili ya kwanza. Sitaki kuonekana kana kwamba nayalilia majina ya wakoloni. Samora anastahili barabara. Ninachotaka kionekane ni tofauti ya aina mbili za majina. Jina la Acacia Avenue lilitolewa ofisini na likafutwa ofisini. Mkwajuni halikutolewa na ofisi yoyote, na hakuna aliyewahi kulifuta.

Tusisahau pia mikono iliyoutengeneza mji ule wenye kupendeza katika picha za kale. Kazi za umma za mji wa Kijerumani zilifanywa kwa sehemu na wafungwa waliofungwa minyororo shingoni. Kivuli cha barabarani hakikuwa cha kila mtu tangu mwanzo.

Ubaguzi huo uliendelea kwa kanuni. Katika miaka ya 1920 Waingereza waligawa mji katika kanda tatu za ujenzi, ambazo kwa maneno ya mitaani zilikuwa Uzunguni, Uhindini na sehemu ya Waafrika, ambayo kitovu chake kilikuwa Kariakoo. Uzunguni viwanja vilikuwa vikubwa, nyumba ikikaa katikati ya bustani, kwa hiyo miti ilipata nafasi ya mizizi na ya matawi. Kariakoo viwanja vilikuwa vidogo na nyumba zilikaribiana, mti ukiishi uani kama ukibahatika. Kati ya Kariakoo na Uhindini uliachwa ukanda wa wazi, wazo ambalo Wajerumani walikuwa wamelianza, kwa kisingizio cha afya. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Kwa hiyo uwanja ambao wananchi waliugeuza kuwa mahali pa mikutano ya siasa ya TANU, na ambao leo una mnara wa Mwenge wa Uhuru, ulizaliwa kama uzio usio na ukuta. Tofauti hii ya uoto bado inaonekana kwa macho. Anayetoka Oysterbay kwenda Manzese haihitaji ramani ya kikoloni, atahisi joto la jua kichwani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji, na miti ya barabarani ikarithiwa na halmashauri ya jiji. Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mti huchukua miaka 30 au 40 kufikia ukubwa wake, lakini ofisi inayoutunza haikudumu hivyo. Kuanzia mwaka 1972, chini ya sera ya Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa, na zamu ya halmashauri ya Dar es Salaam ikafika miaka miwili baadaye. Madhumuni yalikuwa kupeleka maendeleo vijijini, na miji ikabaki na huduma dhaifu: taka, mifereji, taa, na bila shaka bustani. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 halmashauri ya Dar es Salaam ilivunjwa tena na kuwekwa tume. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, juu yake likiwapo Jiji. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Mwezi Februari 2021 Jiji la juu likavunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Mwarobaini uliopandwa mwaka 1970 na ukabahatika kuwa hai umepita katika mikono yote hiyo bila kusogea hatua moja. Idadi ya watu nayo ilitoka karibu 273,000 kwa sensa ya 1967 ikafika zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022.

Tena mamlaka hazikubadilika tu kwa zamu, ziligawana mti mmoja. Ukiwa kando ya barabara kuu, ardhi uliposimama ni hifadhi ya barabara, ambayo tangu mwaka 2000 iko chini ya TANROADS. Ukiwa kando ya barabara ya mtaa, tangu mwaka 2017 ni TARURA. Matawi yakigusa nyaya, ni kazi ya TANESCO. Mizizi ikikaribia bomba, ni ya watu wa maji. Majani yakidondoka, manispaa ifagie. Kila mmoja ana haki ya kukata, na ni vigumu kumpata ambaye kazi yake ni kumwagilia. Tusemavyo Waswahili, kazi ya wengi haina mwenyewe, ingawa hapa methali inahitaji kupinduliwa kidogo: kukata kuna wenyewe wengi sana.

Kwa wasomaji wasio watu wa bustani, afadhali tueleze jinsi mti wa mjini unavyokufa, kwa sababu mara nyingi haufi kwa shoka. Mizizi mingi ya mti iko karibu na uso wa ardhi, katika kina cha kama mita moja tu, nayo husambaa kupita upana wa matawi. Mafundi wanapochimba mtaro wa kupitisha nyaya au bomba upande mmoja wa shina, mti haukauki siku hiyo. Unakaa mwaka au miaka miwili ukinyauka nchani, kisha masika moja yenye upepo unalala barabarani, na watu husema ulikuwa mzee. Saruji au vitofali vikimiminwa hadi shinani, maji na hewa havishuki. Na kupogoa kwa pupa, yaani kukata kichwa chote ili nyaya zipite, huufanya mti uchipue machipukizi mengi yaliyojishikiza juu juu, ambayo ndiyo yanayokatika baada ya miaka michache na kuwaangukia watu. Bwana bustani mjuzi hupunguza tawi kutoka pale linapoungana na jingine, na huanza mti ukiwa mchanga. Mche nao huhitaji kumwagiliwa wakati wa kiangazi cha kwanza na cha pili, na kitu cha kuuzuia mbuzi. Hayo si maarifa ya ajabu. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye ndoo anayerudi pale pale. Kwenye siku za kampeni, wakati wa kaulimbiu ya "kata mti, panda mti", mtu huyo ndiye hupigwa picha mara moja na kusahauliwa.

Hata hivyo ipo miti iliyosalia, na tukitazama ni ipi, tunakuta jambo linalohusu somo letu la desturi. Mara nyingi ni miti yenye kijiwe. Chini ya mkungu kuna fundi baiskeli, chini ya mwarobaini kuna kinyozi na kioo chake kimetundikwa shinani, chini ya mwembe kuna mama lishe na wazee wa bao. Hakuna kati yao mwenye hati. Lakini ndio wanaomwaga maji ya kunawia penye shina, wanaomkemea mwenye panga, na wanaojua tawi lipi limeoza. Kwa maneno mengine, ile desturi ya pwani ya mti kuwa wa anayeutumia haikufa, ilihamia pembezoni mwa barabara bila kuandikwa. Jina Mwembechai linatuambia kwamba si jambo la jana. Nami sisemi kwamba wenye vijiwe ni malaika. Hupigilia misumari, huchoma taka kwenye mizizi, na kinyozi akihamishwa na mgambo, mti unabaki yatima. Ila ukilinganisha ofisi zilizotajwa hapo juu na wazee wa bao, wazee ndio waliokaa muda mrefu zaidi.

Nairobi inatupa mfano wa kulinganisha. Mwaka 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi Expressway, mkuyu mkubwa wa zaidi ya miaka 100, ule ambao Wakikuyu huuita mugumo na kuuheshimu kwa ibada, ulikuwa uondolewe Waiyaki Way, eneo la Westlands. Watu walipinga, na mwezi Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Amri ilitangazwa na Nairobi Metropolitan Services, ambayo ndiyo iliyobebeshwa jukumu la kuuhifadhi. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022. Mwaka huo huo Nairobi Metropolitan Services yenyewe ikafikia mwisho wa uhai wake, na majukumu yakarudi kwa serikali ya kaunti. Mkuyu mmoja uliokolewa kwa amri ya rais. Miti mingine kando ya njia ile haikuwa na rais wala ibada, ikakatwa.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, uwanja huu uko wazi. Majina ya mitaa yameshughulikiwa zaidi kama etimolojia, mara chache kama hesabu ya kile kilichokuwapo. Mtu angeweza kuchukua majina ya miti ya Unguja peke yake, akatenga ya umoja na ya wingi, akauliza wazee wa kila mtaa mti ulisimama wapi na uliondoka lini na kwa agizo la nani. Michenzani ingekuwa sura nzima, maana ndiko nyumba za zamani za Ng'ambo zilipobomolewa ili yajengwe yale majengo marefu ya miaka ya 1970. Kazi hiyo haingoji, kwa sababu wazee wenyewe hawangoji.

Na anayekwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza anaweza kuanzia kwenye mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza safari mwaka 2016. Katika Barabara ya Morogoro, kituo kimoja cha Magomeni kimeandikwa Mwembechai. Akigeuka kuelekea Morocco atapita kingine kilichoandikwa Mkwajuni. Ni vituo vya zege na bati, vimesimama katikati ya barabara, na abiria husubiri chini ya paa.